Jina Chini ya Kola

Wifi yangu hajawahi kupanda mlima. Nalisema hili mapema, kwa sababu watu waliomwona akipita mjini na mabuti yake mazito, suruali yenye mifuko mapajani, na koti la rangi ya chungwa lenye kofia ya kufunga hadi kidevuni, walidhani ni mtu wa vilele na barafu. Wengine wamesema hivyo mbele yangu. Mlima aliuona kwenye kalenda iliyotundikwa karakana alikofanya kazi, na kalenda yenyewe ilikuwa imepitwa na wakati.

Ni dada wa marehemu mume wangu, kitinda mimba wa nyumba ile. Mume wangu alikuwa hakimu. Mimi nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana mpaka nilipostaafu. Kati ya watoto wote wa baba mkwe wangu, yeye peke yake aliichagua kazi ya mikono, na aliichagua kwa makelele. Alipohimizwa arudi shule alijibu, "Mkisoma nyote, nani atawashonea majoho?" Akaingia karakana ya mahema na maturubai, akashona humo tangu usichana wake mpaka karakana ilipofungwa. Huko ndiko alikopachikwa jina la Turubai, wala hakulichukia. Alijitambulisha nalo kwa wageni wangu sebuleni, mimi nikiwa bado nimeshika birika la chai, kabla sijapata nafasi ya kusema neno lenye heshima zaidi.

Naandika habari zake kwa sababu ya maneno yaliyozagaa. Wapo wanaosema makoti yake yalikuwa mabovu, ndiyo maana akayakusanya barabarani. Wapo wanaosema familia ilimnyang'anya jina. Yote mawili yana ukweli nusu, na ukweli nusu huharibu nyumba kuliko uongo. Mimi nilikuwapo.

Karakana ilipofungwa, wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua vitambaa vilivyobaki stoo. Wenzake walichukua vipande vya kufunikia kuni na mabanda ya kuku. Yeye alibeba marobota mazima ya kitambaa cha hema, ya chungwa na ya kijivu, pamoja na utepe wa kuzibia mishono na pasi yake ndogo, akavipanga katika chumba cha uani kwenye nyumba ya baba yake, anamoishi mpaka leo. Akajishonea koti. Kisha akamshonea binti yangu, ambaye hupokea wagonjwa katika kliniki ya meno katikati ya mji.

Nilimwona binti yangu akitoka nalo asubuhi nikamzuia mlangoni.

"Unakwenda kazini au unakwenda kuokoa watu mtoni?"

"Mama, hii ndiyo fasheni."

"Fasheni ya nani?"

"Ya shangazi."

Nimewafundisha wasichana wengi kwamba nguo iliyopigwa pasi humtangulia mtu kujieleza. Koti lile halikupigika pasi. Lilikuwa na mifuko mahali ambapo binadamu hana cha kuweka, kamba za kuvuta kiunoni, na kola iliyosimama kama ya mwanajeshi. Lakini lilimkaa. Bega lilikaa kama lililochongwa, na mtoto wangu, ambaye hutembea ameinama kama anayetafuta shilingi, siku ile alitembea ameinua kichwa. Nikampisha.

Daktari wa meno akalitaka. Kisha mgonjwa mmoja, huku shavu lingali limekufa ganzi, akauliza linapatikana wapi. Kisha kinyozi wa mkabala na kliniki, tarishi wa mahakama, makarani wa benki, wauza simu. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, vijana ambao kutoka kituo cha mabasi mpaka ofisini ni mwendo wa kubana pumzi walikuwa wamevaa kama watu wanaokwenda kulala kwenye theluji. Mvua zilipokwisha hawakuyavua. Waliyavaa juani, jasho likiwatiririka, na nyuso zao zina furaha. Mabuti nayo yakafuata, na suruali za mifuko, na mabegi ya mgongoni yenye mikanda ya kufunga kifuani, ndani yake mna chanuo na kopo la chakula cha mchana.

"Wanasema wanapendeza," wifi aliniambia, akicheka hadi sindano ikamdondoka. "Mimi nimeshona maji yasiingie. Wakipendeza, hayo ni mashauri yao!"

Na hapo ndipo ninapotaka kueleza jambo nililoliona kwa macho yangu, ambalo wavaaji wengi hawakulijua.

Nilikwenda kwake asubuhi moja bila kumwarifu. Nikamkuta uani amesimama chini ya bomba la tangi, amevaa koti jipya, kofia imefungwa mpaka puani, na maji yanamshukia kwa nguvu zote. Nilidhani amerukwa na akili.

"Wifi!"

Hakuitika. Alikuwa amefumba macho. Maji yalipasuka mabegani mwake yakaruka pande zote, hata yakanifikia viatuni. Watoto wa jirani walikuwa wamejipanga ukutani, kimya, kama walio ibadani. Akageuka taratibu, mgongo ukapokea maji. Akainua mkono mmoja, halafu wa pili, akainama kama anayefunga kamba za kiatu, akainuka. Hakuwa na haraka hata kidogo. Mwanamke mzima, ana mvi, amesimama ndani ya maporomoko aliyoyafungulia mwenyewe.

Alipotoka alifungua zipu. Ndani yake, mabegani, kifuani na mgongoni, alikuwa amejifunga kurasa za gazeti. Akazitoa moja moja akanipa.

"Soma, wewe uliyesoma."

Nikasoma. Zilikuwa habari za mpira. Karatasi ilikuwa kavu hata ikawa inalia mkononi.

Nimekaguliwa na wakaguzi wa elimu. Nimeketi mahakamani nikamsikiliza mume wangu akipima maneno ya watu. Sijaona popote kitu kikipimwa vile. Na alifanya hivyo kwa kila koti. Yale yasiyomwenea alilivika gunia lililoshindiliwa magazeti, akasimama kando akilitazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa. Hakuna koti lililotoka uani pale bila kupita chini ya bomba lile. Nilirudi nyumbani viatu vimelowa, nikakaa kitandani kwa muda bila kuvivua, nikimfikiria.

Sasa kuhusu jina. Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa kuezeka, na jina lake katika mji ule lilikuwa na maana moja. Mvua ya kwanza ikinyesha baada ya kumaliza paa la mtu, alikwenda kwenye nyumba ile bila kuitwa, akasimama sebuleni na kofia mkononi, akitazama juu. Akiona tone, alipanda saa ile ile. Akikosa tone, aliaga akaenda zake bila hata kunywa maji. Hiyo ndiyo nyumba niliyoolewa. Watoto wake walisomeshwa na mabati na misumari, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuambiwa mlangoni kwa mtu, "Baba yenu alituharibia."

Wifi alipoona makoti yanapendwa, alitujia rasmi. Alikuja kwangu kwa kuwa mimi ni mjane wa mtoto wa kwanza, na kwa shemeji yangu, kaka yake aliyebaki, mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo.

"Koti ni paa la mtu mmoja," alisema. "Nataka kuliandika jina la Baba."

Akatuonyesha. Alikuwa amelidarizi kwa mkono, kwa uzi mweupe, mgongoni chini kidogo ya kola. Herufi zilisimama wima, kimo kimoja, nafasi sawa. Sijaona cheti kilichoandikwa vizuri kuliko vile. Mimi nilikubali. Shemeji alikubali zaidi: alichukua lake papo hapo akaanza kutembea mjini, akisimama kila mahali kuwapa watu mgongo.

Wifi alikuwa na utaratibu wake, naye hakuuvunja. Jina alilitia mwisho kabisa, koti likishapita majini. "Jina la Baba siliweki juu ya kitu ambacho hakijathibitika," alisema. Alikaa nalo mlangoni penye mwanga, ameosha mikono, akalidarizi polepole. Wakati huo hakucheka wala hakupiga soga. Ukimsemesha, alikunyamazia.

Jina likaenea kuliko yeye. Watu wakaacha kusema koti la Turubai. Siku moja kwenye foleni ya benki nilimsikia msichana akimwambia mwenzake kuwa amelisahau nyumbani, na alilitaja kwa jina letu, kana kwamba jina letu ni vazi. Nilishikwa na kitu ambacho sina neno lake. Baba mkwe hakujua kusoma vizuri, na leo anasomwa kwenye migongo ya watu wanaosoma.

Kisha akaja tarishi wa mahakama, yule binti anayepeleka barua za wito. Nilikuwa uani pale.

"Shangazi," alisema, maana wote walimwita hivyo kwa kumwiga binti yangu, "koti linaniingiza maji."

"Wapi?"

"Hapa nyuma, shingoni."

"Ulifunga kofia?"

"Nilifunga."

"Basi ni jasho. Unakimbizana na wadaiwa mji mzima, utakosaje jasho?"

"Shangazi, jasho langu nalijua. Jasho langu halina baridi."

Wifi akacheka. Kisha kicheko kikakatika. Akalichukua koti, akajifunga magazeti, akaingia chini ya bomba. Alikaa humo kwa muda, macho yamefumbwa kama siku zote. Alipotoka, kurasa za mabegani zilikuwa kavu. Za kifuani, kavu. Akaniomba nimtolee ile ya mgongoni kwa kuwa haifikii.

Nikaitoa. Juu ya karatasi palikuwa na vitone vya maji, vidogo kama ncha ya sindano, vimejipanga mstari. Nilivitazama bila kuvielewa. Kisha nikasoma. Lilikuwa jina la baba mkwe wangu, herufi zote, zimesimama wima kimo kimoja, limeandikwa kwa maji. Nilimwonyesha wifi. Tukiwa bado tunaangalia, vitone vikaanza kupanuka, vikashikana, na jina likageuka doa.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, maji yakimchuruzika.

"Nimelijaribu likiwa zima," alisema, "halafu nikalitoboa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mshono wa koti aliuziba kwa utepe na pasi, tundu zote za sindano zikazibika, akalipeleka majini likapita. Kisha, kwa heshima, akachukua sindano akalitoboa upya kwa jina. Angeliweka kabla ya jaribio, angeliona tone siku ile ile. Ni mtu anayemheshimu baba yake kupita kiasi tu ndiye angeweza kukosea vile.

Alijaribu kuziba. Alibandika utepe kwa ndani, ukabanduka juu ya uzi. Alipaka nta, alipaka gundi. "Uzi ni utambi," aliniambia. "Unayanywa maji nje unayatapika ndani." Koti likae na jina livuje, au litolewe jina likauke. Hapakuwa na njia ya tatu.

Shemeji aliitisha kikao sebuleni kwangu. Tulikuwa watatu tu. Alianza akiwa amesimama.

"Linyamazie hili," alimwambia dada yake. "Aliyelalamika ni tarishi mmoja. Wengine wanayavaa juani. Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi."

"Pakacha halivaliwi shingoni, kaka."

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Unataka kukitembeza kibaya chako mji mzima, na jina la Baba juu yake?"

"Nakwenda kukirudisha nyumbani."

"Na ukishalifumua jina, nani atakuja kwako? Wanalitaka jina! Utakula nini, dada yangu? Magazeti?"

Hilo lilimgusa. Niliona akishika ukingo wa kiti. Hakuwa na kazi nyingine, hakuwa na mume, chumba kile cha uani ndicho kilichomlisha. Shemeji hakuwa mtu mbaya, alikuwa akimwogopea. Wifi akanigeukia.

"Mke wa kaka mkubwa, sema. Ukisema libaki, litabaki."

Sikupenda kupewa neno la mwisho, lakini nyumba ina utaratibu wake. Nilimuuliza shemeji swali moja.

"Baba angekuwa hai, mvua ya kwanza imenyesha, saa hii angekuwa wapi?"

Shemeji aliketi. Alitazama dari, ambayo paa la juu yake liliezekwa na baba yake mwenyewe.

"Kwa watu," alisema mwishowe. "Kofia mkononi."

"Basi jina litoke."

Aliinuka, akavua koti lake, akalilaza mapajani mwa dada yake. Kuanzia hapo hakupinga tena.

Wifi hakuwa na anwani za watu aliowauzia. Lakini alijua wanapopita. Asubuhi yenye manyunyu tulikwenda wote wawili kwenye njia panda kubwa, pale kituo cha mabasi kinapomwaga watu kuelekea ofisini. Tulipanda ngazi za benki ili tuone mbali. Mimi nilikuwa na mwavuli wangu na viatu vya kisigino kifupi. Yeye alikuwa na koti lake la kwanza, lile lisilo na jina.

Mabasi yakafika.

Nimeuona mji huu maisha yangu yote, sikuwahi kuuona hivi. Umati ulishuka ukatapakaa barabarani, na ndani yake, hapa, pale, kule ng'ambo, yalikuwa mabega ya rangi ya chungwa na ya kijivu, mengi kupita nilivyowahi kuwaza. Yalivuka barabara, yalisimama kwenye taa, yalipotea nyuma ya lori yakatokea tena. Muuguzi, karani, mwanafunzi wa chuo, mzee mwenye fimbo, mama aliyebeba mtoto ndani ya koti lake hata kikaonekana kichwa tu. Kila mshono uliokuwa ukitembea pale ulikuwa umepita katika vidole vya mwanamke mmoja aliyesimama kando yangu akivuta makamasi kwa mafua. Na kila mgongo ulipotupita, nilimsoma baba mkwe wangu, tena, na tena, akielekea kazini.

"Wifi," nilimwambia, "yote haya ni wewe?"

"Yote yanavuja," alijibu, akashuka ngazi.

Alimshika karani wa kwanza mkono. "Mwanangu, vua koti."

"Mama, wiki jana nimeibiwa simu, leo koti?"

"Mimi ndiye niliyelishona. Nimekosea. Linavuja chini ya kola. Nipe nilitengeneze, litarudi kavu, lakini bila jina."

Karani alimtazama, akanitazama mimi na mwavuli wangu, akaona huenda wezi hawavai hivi. Akavua. Akaondoka kwenye manyunyu na shati lake, mabega juu, akikimbia.

"Na mimi niingie benki na fulana kama mtu asiye na kwao?" alilalamika wa pili, huku akifungua zipu.

"Shangazi, lako lenyewe halina jina. Unatuonea wivu!" alidakia wa tatu.

"Wivu? Nimeshalala na jina hilo nyumba moja tangu nizaliwe. Vua!"

Walicheka, wakavua. Wapo waliogoma, wakarudi baadaye. Wapo waliotukana. Lakini wengi, wengi mno, walimsikia akisema "nimekosea" mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayeita abiria, wakatoa mifukoni funguo na peremende zao, wakampa. Hakuna aliyeomba hati. Mikono yangu ilijaa makoti yenye joto la watu. Nimetunza jina la nyumba ile miaka mingi kwa kuangalia nani anaingia, nani anasema nini, na watoto wamevaaje. Sikujua kwamba mtu anaweza kulibeba njia panda, akalivunja hadharani, na watu wakamkabidhi nguo zao.

Kazi ya uani ilikuwa ndefu. Alifumua uzi herufi kwa herufi, akaweka kiraka laini juu ya tundu, cha rangi ile ile, akakishika kwa pasi, akaingia majini. Safari hii, koti likitoka majini, halikuguswa tena na sindano. Tulirudi njia panda asubuhi baada ya asubuhi, mkono mmoja tunachukua, mkono mwingine tunarudisha.

Sitaficha lililofuata. Wateja walipungua. Duka moja lilianza kuuza makoti kutoka mbali yenye jina kubwa kifuani, na vijana wengi wakahamia huko. Wifi alisikia, akasema, "Wakinyeshewa watanikumbuka, wasiponyeshewa wasinikumbuke," akaendelea kufumua. Lakini nilimjua. Jioni alikaa mlangoni bila taa, na alipoulizwa alisema macho yamechoka.

Aliyebaki mwisho alikuwa kinyozi. Yule wa mkabala na kliniki, kijana mrefu, mcheshi, aliyenyoa watu akiwa amevaa koti lake hata ndani ya kibanda chake chenye joto la mashine. Wifi alimfuata mara nyingi.

"Shangazi, kichwa chako nitakinyoa bure mpaka uzeeni," alisema, wateja wake wakisikiliza, "lakini jina uniachie."

"Linavuja."

"Liache linivujie! Mimi navuka barabara tu. Nani amekwambia nakwenda mlimani?"

"Nitakushonea jipya."

"Litakuwa na jina?"

"Halitakuwa nalo."

"Basi hilo ni turubai!"

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Wifi naye alicheka, kwa adabu, akatoka. Nje aliniambia kwa sauti ndogo, "Kila akipita namwona Baba ana tundu." Wala haikuwa mzaha. Lilikuwa limebaki moja, na kwake moja lilikuwa sawa na yote. Hakulala vizuri kwa ajili ya shingo ya kijana yule.

Mvua kubwa ilitukuta siku tuliyokwenda kurudisha koti la mama mwenye mtoto. Tulijibanza chini ya upenu wa benki. Barabara ilikuwa imegeuka mto wenye rangi ya chai, na watu wote walikuwa wamekimbilia ukutani. Basi likasimama. Kinyozi akashuka, kofia imefungwa, mabuti miguuni, akaanza kutembea katikati ya mvua taratibu, kwa maringo, kama mtu aliyeisubiri siku hiyo. Jina lilikuwa jeupe kabisa mgongoni mwake.

Wifi aliacha upenu. Alivuka maji yakiwa yanamfika juu ya kifundo, akamfikia kwa nyuma, akaweka kiganja chake juu ya jina.

Kijana aliruka. "Shangazi! Unanifanya nini?"

"Tembea."

"Watu wanatazama!"

"Waache watazame. Tembea, mvua kubwa."

Nilifungua mwavuli nikawafuata, maana sikuweza kubaki. Walitembea hivyo, yeye mrefu ameinamisha shingo kidogo, wifi yangu amenyoosha mkono juu kama anayezuia mlango usifunguke. Kwenye upenu wa kila duka watu walikuwa wamesimama wakitazama, na hakuna aliyepiga mbinja.

"Utanishika mpaka wapi?"

"Mpaka kibandani kwako."

"Na kesho ikinyesha?"

"Kesho nitakuwapo kituoni."

"Na masika yote?"

"Karakana yangu ilifungwa zamani, mwanangu. Nina nafasi."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. Kipande cha mwisho cha njia mvua ilikuwa ikipiga juu ya mkono wa wifi, ikitiririka kwenye kiwiko mpaka ndani ya mkono wa koti lake mwenyewe, ambalo halikuvuja popote isipokuwa pale alipoinua mkono.

Kibandani hakumwachia mpaka alipokuwa ndani ya mlango. Kinyozi alipeleka vidole nyuma ya shingo, chini ya kola. Akavitoa akavitazama. Kisha akautazama mkono wa wifi, uliokuwa umekunjamana na kuwa mweupe kama wa mfua nguo. Mimi nilisimama mlangoni na mwavuli wangu.

Akafungua zipu. Akatoa mifukoni chanuo, brashi na tikiti ya basi, akaviweka mbele ya kioo. Akalivua.

"Watu wataniuliza hili koti ni la nani," alisema.

"Waambie ni lako."

Wifi akalikunja jina likiwa ndani, akalitia kifuani chini ya koti lake, akafunga zipu mpaka kidevuni, akanipita mlangoni akaingia tena mvuani.